Kipimo cha Soko na Kipimo cha Dawa

Ndugu musomaji, wewe unajua soko. Ukienda kununua muchele hapa Kasongo, muuzaji anapima kwa kopo. Kopo la mumoja limepigwa kidogo chini yake, na kopo la mwingine ni zima. Mumoja anajaza hata muchele unasimama kama kilima, mwingine anapitisha mukono juu na kusawazisha. Wewe unaangalia, unasema maneno mawili matatu, anakuongezea konzi moja, na mambo yamekwisha. Ni vivyo hivyo kwa mafuta ya mawese yanayouzwa kwa chupa na kwa bidoni. Ukipunjwa leo, umepoteza franka kidogo tu, na kesho utanunua kwa mwingine.

Dawa si hivyo. Dawa ikipungua, ugonjwa haufi, unapumzika tu na kurudi. Dawa ikizidi, inakuwa sumu. Na katika nyumba nyingi watu wanapima dawa ya mutoto namna wanavyopima muchele: kijiko chochote, chupa yoyote, kwa macho. Kwa sababu hii tunataka kuzungumza nawe juu ya vipimo. Usiogope hesabu. Kama unaweza kuhesabu feza sokoni, unaweza kuhesabu haya.

Hesabu peke yake haisemi kitu

Mutu akikuambia, “Umupe mutoto tano,” amekuambia nini? Tano za nini? Vijiko vitano? Vidonge vitano? Matone matano? Kila kipimo kina sehemu mbili: hesabu, na jina la kitu kinachohesabiwa. Ukisahau jina, hesabu haina maana, tena inaweza kuua.

Majina yenyewe si mengi. Uzito unapimwa kwa kilo, gramu na miligramu. Wingi wa maji, ni kusema nafasi ambayo maji yanajaza, unapimwa kwa lita, santilita na mililita. Urefu unapimwa kwa meta, santimeta na milimeta. Joto la mwili lina digrii zake, na wakati una saa zake.

Angalia sana jambo moja ambalo linaponza hata watu waliosoma: uzito si wingi. Chukua kopo moja, ujaze muchele, kisha ujaze mafuta, kisha ujaze chumvi. Kopo ni lile lile, lakini mizani itakupa uzito mutatu mbalimbali. Basi, kwenye chupa ya dawa ya maji utaona maandiko mawili, “mg” na “ml”. Mg ni miligramu, uzito wa dawa yenyewe iliyofichwa ndani ya maji. Ml ni mililita, wingi wa maji unayomiminia mutoto. Chupa ya parasetamoli ya watoto mara nyingi imeandikwa 120 mg / 5 ml. Maana yake ni hii: ukimimina mililita 5, ndani yake mna miligramu 120 za dawa. Munganga akiandika miligramu 120 na wewe ukimimina mililita 120, umemupa mutoto mara 24 ya kipimo chake. Hiyo ni chupa nzima, na pengine zaidi.

Shindano za plastiki zinaandikwa ml au cc. Hapo usihangaike: cc moja na mililita moja ni kitu kimoja.

Mukono wa nani?

Inchi yetu inajua vipimo tangu zamani. Katika miaka ya 1870 na 1880, Kasongo ilikuwa muji mukubwa wa Tippu Tip, na pembe za tembo zilipimwa kwa frasila. Frasila moja ilikuwa ratili 35, karibu kilo 16. Nguo zilipimwa kwa mukono, kutoka kiwiko hata ncha ya kidole. Mikono 4 ilifanya shuka moja, na mikono 8 ilifanya doti. Lakini mukono wa nani? Muuzaji mwenye akili alimutuma mutoto wake mufupi kupima, na munuzi alitafuta ndugu yake murefu. Wazee wanacheka wakikumbuka mambo hayo, lakini ugomvi ulikuwa wa kweli.

Ugomvi wa namna ile ulikuwa Ulaya vilevile, kila muji na ratili yake. Tarehe 20 Mei 1875 mataifa 17 yalitia sahihi mapatano huko Paris, ili meta na kilo ziwe za namna moja mahali pote. Ubelgiji ilikuwa kati yao, na Wabelgiji walipotawala Kongo walileta kilo na lita hapa. Kilo ya asili ilikuwa kipande cha madini kilichofungiwa karibu na Paris, na mizani zote za dunia zilikifuata. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande kile. Wataalamu wameifunga kwa hesabu ya maumbile isiyobadilika, maana hata madini yanaweza kulika au kushika uchafu.

Faida yake kwetu ni nini? Mwaka 1971 waganga wa Chuo cha Magonjwa ya Inchi za Joto cha Antwerp, katika Ubelgiji, walianza kazi pamoja na watu wa Kasongo katika kazi iliyojulikana kwa jina la Mpango wa Kasongo. Watoto wa vijiji vyetu walipimwa uzito na unene wa mukono. Mwaka 1981 habari za chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo zilitoka katika gazeti la waganga la London, Lancet. Mwaka 1983 habari za vipimo vya watoto wale zilichapwa vilevile. Munganga wa India au wa Brazili alisoma hesabu zile na kuzifahamu, kwa kuwa kilo ya Kasongo ni kilo ya kwake. Kama watoto wale wangalipimwa kwa makopo, hakuna mutu nje ya Maniema angalifahamu neno.

Tena watu wa Kabambare hawahitaji kufundishwa kwamba kipimo ni mali. Nenda Salamabila, kwenye dhahabu ya Namoya. Muchimbaji akileta vumbi lake kwa munuzi, macho yake hayaondoki kwenye mizani. Katika Kongo ya mashariki kuna wanaopima kwa njiti za kiberiti, na kuna wanaohesabu kwa tola, ambayo ni karibu gramu 11,66. Muchimbaji anajua tofauti. Anauliza mara ya pili, anataka kuona mizani ikisimama sawa kabla ya kuweka kitu. Mutu yule yule, mutoto wake akishikwa na homa usiku, anachukua chupa na kumimina gizani. Jambo hili linatushangaza sana. Je, dhahabu ina thamani kuliko mutoto?

Ngazi ya elfu

Sasa tujifunze kugeuza kipimo kimoja kuwa kingine. Fikiri ngazi yenye vidato vikubwa. Kila kidato ni 1000. Kilo 1 ni gramu 1000. Gramu 1 ni miligramu 1000. Miligramu 1 ni mikrogramu 1000. Ukishuka kwenda kwa kipimo kidogo, zidisha kwa 1000. Ukipanda kwenda kwa kipimo kikubwa, gawanya kwa 1000. Kidonge cha miligramu 500 ni nusu gramu. Mutoto aliyezaliwa na gramu 2500 ana kilo mbili na nusu. Akizaliwa chini ya hapo tunamuhesabu kuwa mudogo, na mama yake anatakiwa kumulinda na baridi na kumunyonyesha mara nyingi.

Kwa maji ni vilevile: lita 1 ni mililita 1000. Katikati kuna santilita, inayoandikwa cl. Lita ina santilita 100, na santilita 1 ni mililita 10. Santilita ndiyo utakayoiona kwenye chupa za bia na za limonadi, kwa hiyo ishike vizuri.

Chupa gani ni lita?

Mutoto akiharisha, au mutu akishikwa na kipindupindu, tunamupa maji ya chumvi na sukari. Mwili umepoteza maji na chumvi pamoja, na lazima virudishwe pamoja, kwa kiasi. Pakiti ya dawa hii inayotumiwa sana siku hizi ina gramu 20,5 za unga, na imetengenezwa kwa lita 1 ya maji safi. Kuna pakiti nyingine za nusu lita. Soma kwanza pakiti, au umwombe mutu akusomee.

Sasa lita 1 utaipata wapi nyumbani? Wengi wanachukua chupa kubwa ya bia na kusema, “Hii ni lita.” Sivyo! Angalia maandiko ya chupa. Kama imeandikwa 72 cl, ni mililita 720 tu. Imepungua mililita 280. Ukitia pakiti nzima ndani yake, umefanya maji makali: ni kama kutia gramu 28 na nusu katika lita moja. Chumvi ikizidi namna ile, haimunyweshi mutoto, inavuta maji kutoka ndani ya mwili wake. Kiu inaongezeka, na mutoto mudogo anaweza kushikwa na kifafa. Mama anafikiri ugonjwa unazidi, anatengeneza chupa nyingine ya namna ile ile.

Na ukichukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu na kuijaza yote, kosa liko upande mwingine: maji ni mengi, chumvi haitoshi.

Njia nzuri ni hii. Tafuta chupa iliyoandikwa 50 cl, uijaze mara mbili. Hiyo ni lita kamili. Kama una chupa ndogo ya 33 cl, uijaze mara tatu. Utapata santilita 99, na upungufu wa santilita moja haudhuru. Mimina yote katika sufuria safi, kisha tia alama ndani kwa musumari pale maji yalipofika. Tangu siku ile sufuria yako ina kipimo, na jirani anaweza kuja kuiazima.

Pakiti ikikosekana, tumia lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko hivi si vya kilima. Pitisha kisu juu, visawazike. Onja kabla ya kumupa: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, yamwage uanze upya, hata kama sukari ni ghali. Kila mara mutoto anapoharisha, aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hata 100, aliye na miaka 2 au zaidi mililita 100 hata 200. Mililita 100 ni sehemu moja ya kumi ya lita yako. Muda wa saa 24 ukipita, maji yaliyobaki yamwagwe.

Mimi sipendi kijiko, ingawa nimekitaja. Munganga akisema kijiko kidogo anafikiri mililita 5, na kijiko kikubwa mililita 15. Lakini vijiko vya nyumba havikufanywa kwa kupima dawa. Kimoja kinashika 3, kingine kinashika 7. Omba katika kituo cha afya shindano safi ya plastiki ya mililita 5 au 10, bila sindano yake ya chuma. Vuta maji hata alama ya 5, mimina katika kijiko chako, uone kama kinajaa. Hapo utakijua. Au vizuri zaidi, mupe mutoto dawa kwa shindano yenyewe, polepole, pembeni mwa shavu.

Mizani iliyotoka mbali

Dawa nyingi za watoto zinafuata kilo za mutoto, si miaka yake. Watoto wawili wa miaka miwili, mumoja ana kilo 12, mwingine aliyekonda ana 8. Kwa parasetamoli hesabu ni miligramu 10 hata 15 kwa kila kilo, kila mara anapopewa, na si zaidi ya mara 4 katika saa 24. Mutoto wa kilo 10 anafaa kupata miligramu 100 hata 150. Mililita 5 za ile chupa ya 120 mg zinamutosha.

Lakini fikiri mizani yenyewe. Marafiki wa ngambo wanatuma mizani kwa vituo vyetu, na mizani ya Marekani inaweza kusoma ratili, inayoandikwa lb. Kilo 1 ni ratili 2,2. Mutoto wetu wa kilo 10 akipandishwa pale, mushale utasimama kwenye 22. Mutumishi akiandika 22 peke yake kwenye karatasi, na anayegawanya dawa akifikiri ni kilo, atahesabu 22 mara 15, ni miligramu 330, na kumimina karibu mililita 14. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kipimo cha juu. Akirudia siku mbili tatu, ini la mutoto linaweza kuharibika. Basi ukiona mutoto wako wa mwaka mumoja ameandikwa 22, usinyamaze. Uliza kwa heshima, “Munganga, hizi ni kilo au ni ratili?” Hakuna munganga muzuri atakayekasirika. Kugeuza ni rahisi: gawanya ratili kwa 2,2.

Kipimajoto kinaweza kutoka mahali pale pale na kuandikwa F badala ya C. Joto letu la kawaida ni karibu 37 kwa C, na huko litaonekana 98,6. Ondoa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Ukiona 104, baki ni 72, mara 5 ni 360, gawanya kwa 9 ni 40. Mutoto mwenye 40 apelekwe hospitali.

Pengine urefu unashika nafasi ya uzito. Wewe umeona wagawaji wa dawa ya upofu wa mito, ivermectin, wakipita vijijini na fimbo yenye alama. Watu wengine wananungunika, “Mbona tunapimwa kama mbao?” Sababu iko. Mizani ni nzito kubeba katika pori na inaharibika njiani, lakini fimbo haiharibiki. Dawa hii inatakiwa mikrogramu 150 kwa kila kilo. Mutoto wa kilo 20 anataka mikrogramu 3000, na kwa ngazi yetu ya elfu hizo ni miligramu 3, ni kusema kidonge kimoja. Wataalamu walipima watu wengi, wakaona kwamba wenye urefu wa santimeta 90 hata 119 wana uzito wa kufaa kidonge 1. Kutoka 120 hata 140 ni vidonge 2, kutoka 141 hata 158 ni 3, na aliyepita hapo ni 4. Asiyefika santimeta 90 hapewi, wala mwenye mimba, wala mama aliyezaa juma lile, wala mugonjwa sana. Kwa hiyo simama wima, vua viatu, na usimunyanyue mutoto kwa vidole ili apate kidonge.

Utepe wa mukono ni mufano mwingine. Kwa mutoto wa miezi 6 hata miaka 5, mukono ulio chini ya milimeta 115 unaonyesha njaa kali ya mwili. Tepe nyingine zinaandika santimeta 11,5. Ni kitu kimoja, maana santimeta 1 ni milimeta 10.

Saa na alama ndogo

Karatasi ya dawa imeandikwa 6h, 14h, 22h. Hizi ni saa za Kifaransa. Sisi tunahesabu tangu jua linapotoka. Ondoa 6 na utapata saa yetu: 14 ukiondoa 6 ni 8, basi ni saa 8 ya muchana. Ikipita 18h, ondoa 18: 22h ni saa 4 ya usiku. Na 6h yenyewe ni saa 12 ya asubuhi. Kuna mama anayeona 8h na kungoja saa 8 ya muchana, wakati dawa ilitakiwa saa 2 ya asubuhi.

Neno moja bado, juu ya alama ndogo sana. Kwetu Kongo tunafuata Wafaransa: 2,5 ni mbili na nusu, na sokoni 2.500 ni elfu mbili na mia tano. Dawa zinazovuka kutoka Tanzania, au zilizofanywa India, zinafuata desturi ya Kiingereza, nayo inageuza alama hizi: 2.5 ndiyo mbili na nusu, na 1,000 ndiyo elfu moja. Kwa hiyo ukiona “1,000 mg” kwenye boksi iliyotoka Kigoma, si miligramu moja. Ni elfu, gramu nzima. Karatasi ya ndani ya boksi usiitupe wala usifunge nayo karanga. Ilete pamoja na chupa unapokuja hospitali, hata kama dawa imekwisha, nasi tutaisoma pamoja nawe.